Supu ya Dobrila

Wivu sina. Muulize yeyote mtaani kwetu, atakwambia Dobrila ana mdomo, Dobrila hasira zake ziko karibu, Dobrila anapikia watu watatu chakula cha watu tisa, lakini wivu hana. Kwa hiyo siku ile mume wangu Tihomir alipokisukuma kando kijiko changu, sikusema neno. Nilikirudisha tu kwenye sinia kwa nguvu kidogo, mpaka glasi ya maji ikaruka.

Kwetu mgeni akivuka kizingiti hupewa kijiko kimoja cha matunda yaliyopikwa kwa sukari, na maji baridi ya kushushia. Mimi mume wangu nilimpokea hivyo kila jioni akitoka karakana yake ya useremala. Cheri kiangazi, mapera ya manjano kipupwe, miaka ishirini na sita. Hakuwahi kukataa hata siku tuliyogombana.

"Samahani, mke wangu," akasema. "Ljubinka anasema kitu kitamu tumbo likiwa tupu ndicho kinachonimaliza."

Ljubinka anasema! Hebu nikueleze huyu Ljubinka ni nani. Ni mjane, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwembamba, anacheka kwa sauti. Zamani, kabla sijaolewa, alicheza ngoma ya duara na Tihomir mbele ya kanisa, wameshikana mikono, viangazi viwili mfululizo. Mimi sikuwapo. Nayajua kwa sababu wifi yangu Persida, dada yake Tihomir, hunikumbusha kila Pasaka, kama vile ni sehemu ya ibada.

Mambo yalianza Machi. Tihomir alikuwa akimaliza chakula cha mchana analala na kijiko mkononi. Tumbo limetangulia, shingo kwa nyuma imeingia weusi ambao sabuni haiutoi. Nikampeleka zahanati. Wakamnywesha maji ya sukari, wakamtoa damu, wakangoja, wakamtoa tena. Daktari akasema bado si kisukari, ila mwili wake umekuwa mkaidi, hauisikii insulini.

"Ndiyo nini hiyo?" Tihomir akauliza.

Daktari akachora mduara kwenye karatasi, akaeleza, Tihomir akabaki anatoa macho. Mimi nilielewa palepale, kwa sababu niliishi na mama mkwe. Marehemu aliniita "Dobrila!" mara arobaini kwa siku. Mwezi wa kwanza nilikuwa naruka. Mwaka wa pili sikuwa nasikia kitu, naye akazidisha sauti mpaka akapata kikohozi. Basi insulini nayo huita: fungueni, sukari iingie ndani. Ukila kutwa nzima, inaita kutwa nzima, mwili unazoea, unaziba masikio. Kongosho inapiga kelele zaidi na zaidi, hadi siku inachoka, na hapo ndipo kisukari chenyewe kinapoingia.

"Sasa dawa yake?" nikauliza.

"Ni kupunguza makelele," daktari akasema, maana nilikuwa nimemsimulia habari za mama mkwe naye akazipenda. "Ale mara tatu, asitafunetafune katikati. Mboga zitangulie. Mkate, vitamu na unga mweupe apunguze sana. Akimaliza kula atembee, mara mbili kwa wiki anyanyue vitu vizito, na alale mapema. Mwili ukitulia, masikio yanaweza kufunguka tena. Tutapima Septemba."

Tihomir hakucheka. Baba yake alikufa kwa kisukari, kwanza mguu, halafu yeye mwenyewe. Tihomir alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa akimbeba mzee mgongoni kumpeleka chooni. Magongo ya mzee bado yananing'inia karakana, hataki yaondolewe. Nilijua mume wangu anaogopa. Wiki tatu za kwanza niliogopa pamoja naye, nikampikia kabichi kwa moyo safi.

Halafu ndiyo akaja Ljubinka na matembezi yake. Yeye mwenyewe aliambiwa maneno hayohayo miaka miwili nyuma, akatembea, akabadili chakula, vipimo vikarudi sawa. Sasa kila saa kumi na mbili jioni, watu wakishamaliza kula, alikuwa anakusanya wagonjwa wenzake juu ya tuta la mto Morava. Walianza saba. Mei wakawa watano. Joto la Juni likawapunguza wakawa watatu. Kisha mmoja wao, mzee wa posta, akaumia goti.

Wakabaki wawili. Nimesema wawili.

"Wifi, na wewe si uende?" Persida akaniambia, amekaa jikoni kwangu anakula maandazi yangu. "Kutembea si bure?"

"Mimi nina kazi."

"Kazi gani? Mumeo hali tena."

"Persida, usinitie maneno."

"Mimi nasema tu. Kaka siku hizi amenyooka. Jana nimemwona kwa nyuma, nikadhani kijana wa watu." Akalamba vidole. "Kikulacho ki nguoni mwako, wifi."

Ukweli ni kwamba nikipanda ngazi kumi nahema. Sikutaka yule mwanamke anisikie nikihema. Nilibaki dirishani nikiwaangalia wakipita, yeye anaongea kwa mikono, Tihomir anaitikia kwa kichwa. Suruali zilikuwa zinamvuka. Alitoboa mshipi tundu jipya, wiki tatu baadaye akatoboa lingine. Akaanza kupiga mluzi. Jumanne moja nikamkuta bafuni ananyoa ndevu. Jamani, tangu lini mwanamume ananyoa ndevu Jumanne ili akautazame mto? Roho iliniuma mpaka nikakosa usingizi.

Kisha likaja lile la maharage.

"Dobrila," akasema, kwa sauti ya mtu anayekanyaga barafu, "maharage haya, na supu, huwezi kuvipika bila ule unga?"

Ule unga. Kwetu supu si supu mpaka uikoleze na unga uliokaangwa kwenye mafuta ya nguruwe mpaka unukie kama njugu. Alinifundisha mama mkwe. Niliunguza mara sita. Mara ya saba akaonja, akaniita mwanangu kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Leo naambiwa "ule unga".

"Na Ljubinka yeye anapikaje?" nikauliza.

"Anaponda karoti na maharage kidogo, supu inakuwa nzito yenyewe."

"Umeonja?"

Akaanza kupanga vijiko mezani.

"Nimekuuliza, Tihomir. Umeonja?"

"Kidogo tu. Alikuja nayo kwenye chupa ya chai."

Chupa! Mwanamke apike supu, aimimine kwenye chupa, amnyweshe mume wangu kandokando ya mto! Nilitaka kuivunja hiyo chupa kichwani kwa mtu, sikujua tu nianze na kichwa kipi.

"Sawa," nikasema. "Bila unga."

Kesho yake nikautia. Niliukaanga akiwa karakana, nikaupitisha kwenye chujio mara mbili, nikaponda karoti juu yake ili rangi isinisaliti. Alikula sahani mbili. "Umeona?" akasema. "Tamu hata bila unga!" Nilicheka kimoyomoyo siku nzima.

Baada ya hapo mkono ulizoea. Sukari kwenye siki ya kabichi, vijiko viwili, vitatu. Asali chini ya mtindi. Sukari tena kwenye rojo la pilipili hoho analolipenda, na hilo alikuwa anakula bakuli zima akidhani ni mboga. Usije ukadhani nilijidanganya kwamba ni mapenzi. Nilijua ninachotaka. Nilitaka Septemba vipimo vimwaibishe Ljubinka. Nilitaka daktari amwambie mume wangu mbele yangu: bwana, matembezi haya ni upuuzi, rudi kwa mkeo ukale.

Septemba ikafika, nikapata nilichokitaka. Vilikuwa vimepanda.

Daktari aligeuza karatasi mara mbili, akauliza kama Tihomir ana hakika na anachokula. Tihomir akasema ana hakika. Daktari akamvua kiatu, akamgusa nyayo kwa uzi mwembamba. Kidole gumba cha mguu wa kushoto hakikuusikia. Akaandika vidonge, akasema tutapima tena majira ya kuchipua, na huo mguu auchunge.

Mchana ule hakuja kula. Nilimfuata karakana nikamkuta amekaa juu ya mbao, kiatu kimoja kavua, anakitazama kile kidole. Magongo ya baba yake ameyashusha ukutani, yako mapajani.

"Yananitosha," akasema. "Nimepima. Hata kukatwa hayahitaji."

"Acha mambo hayo, Tihomir!"

"Nimefanya kila kitu, Dobrila. Kila kitu nilichoambiwa. Mwili huu ni wa baba, sina la kufanya." Na akalia, mume wangu, ambaye sikumwona akilia hata kwenye maziko ya mzee.

Ningeweza kusema palepale. Kilichonitoka ni, "Ni huyo Ljubinka na ujuaji wake!"

Nilirudi ndani na koti lake alilolisahau kwenye kiti, na ndani ya koti nikahisi daftari. Sasa hapo nitasema kweli yote. Nilifurahi. Nikajiambia, leo nawanasa. Niliufunga mlango kwa ufunguo, nikavaa miwani, nikatafuta maneno ya mapenzi.

"Jumatatu. Supu ya Dobrila, haina unga. Kabichi. Kilomita tano."

"Jumanne. Yai, mtindi. Rojo la Dobrila la hoho. Kilomita sita. Nimenyanyua mifuko ya saruji mara kumi."

Kurasa na kurasa hivyo, kwa mwandiko wake wa seremala, kila herufi imesimama peke yake. Supu ya Dobrila. Kabichi ya Dobrila. Jina la Ljubinka nililipata mara moja tu, mwishoni mwa Agosti.

"Ljubinka ameniuliza kama nina hakika na supu. Nimemkasirikia. Nimemwambia kwamba mke wangu hawezi kunifanyia hivyo."

Nilisoma mara nyingi. Kisha nikalirudisha daftari mfukoni, nikaenda jikoni, nikaumwaga unga wote kwenye ndoo ya kuku.

Lakini hapo maji yalikuwa yamezidi unga. Siku nilipoacha mimi, naye aliacha. Hakutembea tena. Ljubinka alipita na kuita mara mbili barabarani, Tihomir akamwambia goti linauma. Alianza kula mkate, nusu mkate kwa mlo. Jioni akawa anaingia na kukaa na kusema, "Nipe kijiko changu." Nilimpa. Mume alikuwa amerudi mezani kwangu, mzima mzima, ndevu hajanyoa, nami kila akimeza nilikuwa namwona yule mzee na mguu wake mmoja. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia. Wiki sita nilisema hivyo.

Ikaja slava yetu, siku ya Mtakatifu Dimitri, mlinzi wa ukoo wao. Siku ile mtu haalikwi. Anayekuja anakuja, na huwezi kumfungia mlango hata awe adui yako, kwa hiyo Ljubinka naye akaja, kavaa gauni la bluu, kabeba maua. Asubuhi padre alikuwa amekwisha kata mkate na mshumaa mkubwa unawaka. Mwenye nyumba siku hiyo hakai. Kutwa nzima anasimama anahudumia wageni wake, na Tihomir alikuwa amesimama, sinia mkononi, anachechemea kidogo.

Mlangoni kila mgeni hula kijiko kimoja cha ngano tamu, iliyochemshwa na kusagwa na sukari na jozi. Kimoja tu, kwa heshima ya mtakatifu na wafu wetu. Tihomir alikula chake. Akala cha pili. Akalishika bakuli akaanza cha tatu, wageni kumi na watano wanamtazama.

"Kaka," Persida akasema, "hiyo ya mtakatifu, si yako peke yako!"

"Niache nile. Huu mguu una safari yake, siwezi kuuzuia."

Watu wakacheka. Ljubinka hakucheka.

"Tihomir, rudi tutani Jumatatu," akasema.

"Nikafanye nini? Si uliliona daftari? Nilifanya yote."

Ljubinka akageuka akanitazama. Hakunikunjia uso, hakutikisa kichwa, alinitazama tu na kunyamaza. Ningemshukuru kama angenisema, ningempa lake na yakaisha. Lakini alinyamaza, na Tihomir akachota kijiko cha nne.

Nikamnyang'anya bakuli.

"Hukushindwa," nikasema. "Ni mimi. Nilitia unga kwenye supu. Tangu Julai. Na sukari kwenye kabichi na kwenye hoho, na asali chini ya mtindi. Wewe hukukosea hata siku moja. Ni mimi, Tihomir."

"Kwa nini?" akauliza, polepole sana.

"Kwa sababu ya chupa yake."

Persida alifanya ishara ya msalaba. Tihomir aliweka sinia mezani, akalisawazisha vizuri lisianguke, akachukua koti, akatoka. Mwenye nyumba, siku ya slava, mshumaa unawaka, anaacha wageni na kuondoka! Kwetu hilo halijapata kutokea.

Nikamgeukia Ljubinka. "Haya! Mfuate sasa. Si ndicho ulichokuwa unangoja?"

"Nilimtaka, miaka thelathini iliyopita," akasema mbele ya watu wote. "Akakuchukua wewe, nikalia wiki mbili, nikaolewa. Yamekwisha, mama. Saa hizi nataka mtu wa kutembea naye tu, nyumbani sina wa kuzungumza naye." Akaliinua sinia. "Wageni nitawahudumia mimi. Wewe nenda. Anatembea haraka yule, ukisimama kunitukana hutamfikia."

Jikoni kwangu! Siku ya mtakatifu! Aguse sufuria zangu, afungue kabati zangu, agawe keki nilizoamka alfajiri kuzipanga! Nilimtazama amelishika sinia langu. Halafu nikatoka, na aproni yangu na ndala zangu za nyumbani.

Alikuwa amekwisha fika juu ya tuta, hatua mia mbili mbele yangu. "Tihomir!" nikaita. "Tihomir! Tihomir!" Hakugeuka. Nilikuwa navuta pumzi kwa ajili ya mara ya nne nikamkumbuka mama mkwe, nikafunga mdomo. Nikatembea tu. Nilihema kama ng'ombe, ndala moja ikabaki kwenye tope, nikaivua na ya pili nikaenda na soksi. Njia nzima hadi kwenye mierebi sikusema kitu, na hapo nikaona amepunguza mwendo. Hakusimama wala hakunitazama. Alipunguza tu, mpaka nikawa nyuma yake hatua tatu.

"Nilimgombeza mwanamke wa watu kwa ajili yako," akasema.

"Najua. Nilisoma."

Tulirudi giza likianza kuingia.

Majira ya kuchipua vipimo vilishuka. Vilishuka sana, hata daktari alitabasamu, akapunguza vidonge, na kile kidole kikausikia uzi. Nami nilipimwa siku hiyohiyo, kumbe nyumba ilikuwa na viziwi wawili. Sasa tunatembea watatu kila jioni, Ljubinka mbele anaongea, mimi nyuma nahema, na nimeacha kuona haya. Huyo nimemsamehe, au yeye kanisamehe, hatujakaa kulijadili.

Ila supu Tihomir anajipikia. Tangu ile slava. Amejinunulia sufuria yake ndogo ya bluu, anaiosha kabla ya kupika hata kama ni safi, anasimama hapohapo jikoni mpaka iive, na akienda kuchukua kuni anaenda nayo mlangoni. Hanigombezi, hanikumbushi. Lala salama ananiambia, asubuhi njema ananiambia. Nilisema wivu sina. Basi ninao, nauona kila siku saa sita mchana, na ni wa sufuria.

Jumapili iliyopita alikuwa anakoroga, amenipa mgongo. Akachota, akapuliza, akageuka na kuninyooshea kijiko.

"Onja. Chumvi imetosha?"

Nikaonja. Karoti, maharage, jani moja la kotmiri. "Haijatosha," nikasema.

Akafikiri. Akakisogeza kikopo cha chumvi kwangu. "Tia wewe."

Nikakunja mkono wa blauzi mpaka kiwiko. Nikachota kwa vidole viwili, nikavishika juu ya sufuria pale penye mwanga wa dirisha, nikamimina taratibu, punje kwa punje, ili aone.